Kabla ya kusifia tuta, ulizia utoro

Mkipata fedha za kujenga lambo dogo la udongo, jambo la kwanza kukubaliana kijijini ni hili: likijaa, maji yatatokea wapi? Huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mto hukaa mchanga mtupu miezi kadhaa, kisha mvua moja ya milimani ikaushusha na magogo juu. Maji yakivuka tuta, hata kwa kina cha kiganja tu, hulichimba upande wa nyuma mpaka likatike, na walio bondeni hupata gharika mbaya kuliko kama lambo lisingekuwepo.

Kwa hiyo utoro, ile njia ya maji ya ziada, uchimbwe pembeni kwenye ardhi ngumu ya asili, si juu ya udongo wa kujaziwa. Kilele cha tuta kiuzidi kimo kwa mita 1 hivi. Mkandarasi wetu alitaka kupunguza upana wa utoro ili aokoe dizeli ya buldoza. Wazee wakamkatalia, wakaenda kumwonyesha mahali maji yalipofika kwenye mafuriko ya 2007. Pima kwa kumbukumbu kama hizo, maana vipimo vya mito yetu midogo ni adimu.

Udongo nao upimeni kwa mkono: lowesha, viringisha uwe mwembamba kama kalamu. Ukikatikakatika, una mchanga mwingi. Ushindiliwe ukiwa na unyevu, tabaka za sentimita 15 hadi 20.

Sasa kuna ugomvi usiokwepeka. Lambo la kuzuia mafuriko linataka nafasi tupu. Lambo la ng'ombe linataka kujaa. Wachungaji walinuna tulipoanza kufungulia maji katikati ya mvua, na siwalaumu, kwa kuwa kiangazi wanakijua wao. Tulichoafikiana ni alama ya rangi kwenye nguzo: msimu wa mvua maji yasiipite, mvua zikielekea ukingoni, mnamo Septemba, vali ya bomba la kufungulia maji inafungwa na lambo linaachwa lijae. Ufunguo anao mtu mmoja aliyechaguliwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Bomba linalopita chini ya tuta lizungushiwe kola za zege, la sivyo maji yatapenya kandokando yake.

Ng'ombe wasiingie lamboni. Wajengeeni hori nje, chini ya tuta, maana kwato huvuruga kingo na tope hujaza lambo upesi. Juu ya tuta pandeni nyasi, miti hapana: mzizi ukioza huacha tundu. Mashimo ya fuko yazibwe mara moja.

Baada ya kila mvua kubwa, mtu atembee chini ya tuta kwa nyuma. Maji yanayovuja kidogo yakiwa safi, wekeni alama mwangalie kama yanaongezeka. Yakitoka na tope, udongo wa ndani unaliwa: fungueni vali siku hiyohiyo, waonyeni walio bondeni, mpigieni mhandisi wa maji wa wilaya.