Mpemba alikuwa kidato cha tatu, siyo chuo

Kuna wanaoandika kwamba Erasto Mpemba, Mtanzania anayejulikana kwa kuonyesha kwamba kitu cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi, aliliona hilo akiwa mwanachuo Iringa. Hapana, hakuwa mwanachuo, na jambo lenyewe halikuanzia Iringa. Ilikuwa 1963, yupo kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndiyo uweke kwenye friza. Yeye akaona nafasi inaisha, akasukumiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa!

Iringa inaingia baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa. Dk. Denis Osborne wa chuo cha Dar alikuja kutoa mhadhara, Mpemba akamuuliza kwa nini cha moto kinatangulia kuganda, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alienda kupima. Makala yao ikatoka 1969.

Kwa hiyo anayesema jiniasi wa sayansi lazima atokee kwenye maabara kubwa, hapo sikubaliani naye. Anayefuata anaweza kuwa binti anayefunga barafu za ubuyu pale Kongwa, ilimradi akiuliza apatikane mtu wa kupima naye badala ya kumwambia akariri. (Kipaji nacho kinahitajika, sikatai.)

Ila msiandike kwamba maji ya moto huganda haraka siku zote. Wanasayansi bado wanabishana, matokeo yanategemea chombo, kiasi cha maji, hata friji yenyewe. Nafundisha fizikia hapa Dodoma, tumejaribu na vijana wangu kwa vikombe viwili: mara moja cha moto kilitangulia, mara mbili cha baridi.