Jua kuwaka hakumaanishi mteremko umetulia

Unauliza kama siku mbili za jua baada ya theluji nzito zinatosha kupanda mlima bila hatari ya maporomoko ya theluji. Hazitoshi. Shida iko chini, ndani ya theluji: chembe zilizolegea kama sukari, na juu yake bamba gumu lililopangwa na upepo. Tabaka dhaifu namna hiyo laweza kudumu wiki kadhaa, jua liwake lisiwake. Ukikanyaga ukasikia mvumo mzito wa theluji ikididimia, au ufa ukakimbia mbele ya miguu yako, geuza hapo hapo. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo huporomoka zaidi. Ipime, macho hudanganya (yangu hukosea kila mara). Vukeni mtu mmoja mmoja, wengine wakitazama. Na kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji, bila sepetu, hakimfukui mtu.