Sweta likinigusa naungua

SWALI: Mwanangu daktari, nina miaka 61, nalima viazi Isyonje. Mwaka jana niliugua mkanda wa jeshi ubavu wa kulia. Malengelenge yalikauka, limebaki kovu. Lakini sweta likinigusa pale ni kama nimemwagiwa maji ya moto, na baridi ya huku unaijua. Ajabu, nikibonyeza kwa kiganja kizima napata nafuu. Nimemeza diklofenaki hadi tumbo linauma. Binti yangu anadhani nadeka. Je, kuna kidonda ndani?
Mama wa Isyonje

JIBU: Shikamoo mama. Hudeki hata kidogo, mwambie binti asome hapa. Mgonjwa wangu mmoja nilimpitishia kipande cha pamba tu kwenye kovu kama lako, mzee wa watu akaruka kitandani.

Kidonda hakipo. Mkanda wa jeshi huharibu mishipa ya fahamu, na madhara hufika hadi uti wa mgongo. Mwilini zipo protini zinazokuza mishipa hiyo. Ya kwanza kujulikana ilimpatia Rita Levi-Montalcini, mzaliwa wa Italia, Tuzo ya Nobeli mwaka 1986, pamoja na Stanley Cohen wa Marekani. Mtoto akiwa tumboni, protini hiyo huiwezesha mishipa ya maumivu kuishi. Ukubwani, penye jeraha huongezeka, na mishipa ikawa nyepesi kushtuka.

Protini nyingine, ndugu ya hiyo, hufanya kazi ndani ya uti wa mgongo, ambako zipo seli za kufunga breki ili mguso mwepesi ubaki mguso. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba mshipa ukijeruhiwa, seli za ulinzi za humo humwaga protini hiyo, breki zikalegea. Umewahi kuona lori likishuka mlima Kitonga breki zimechoka? Mzigo ni uleule, ila halishikiki. Ndivyo mguso wa sweta unavyofika ubongoni ukiwa moto.

Diklofenaki hailengi breki hizo. Iache, tumbo lako lipone. Nenda hospitali useme wazi: maumivu yamebaki baada ya mkanda wa jeshi. Kama hukupima VVU wakati ule, pima. Huenda ukapewa amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini. Taja kama una shida ya moyo au presha ya macho, na uvumilie wiki kadhaa. Kwa sasa vaa fulana ya pamba inayobana ndani ya sweta, isiyochezacheza juu ya kovu. Kiganja chako kimeshakuonyesha kwamba kubanwa unakuweza.