Kabla Hujashika Msasa: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Vifaa vya Magari ya Zamani

Spidomita ya kwanza niliyonunua ilitoka katika Land Rover Series II iliyokuwa imelala miaka mingi nyuma ya gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, na niliiharibu mwenyewe jioni ya siku hiyohiyo. Ilikuwa ya Smiths, watengenezaji wa mita wa Uingereza, ya kuhesabu maili, kioo chake kimeingia ukungu na tarakimu zimegeuka manjano. Niliifungua, nikalowesha kitambaa kwa spiriti na kupangusa uso wake kwa nia njema kabisa. 10, 20 na 30 zikaondoka pamoja na vumbi, kwa kuwa zilichapwa kwa rangi ambayo spiriti huiyeyusha. Tangu hapo, kila anayeniuliza aanzie wapi humwambia kwamba kifaa kikifika nyumbani asikisafishe. Akitazame kwanza kwa wiki nzima, akijue kimetengenezwa kwa kitu gani, ndipo aamue kama kuna haja ya kukigusa.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kinachong'aa ndicho chenye thamani. Vifaa vingi vya kung'aa vya magari ya miaka ya 1950 na 1960 vina utando mwembamba sana wa kromu juu ya nikeli, na chini yake kuna chuma, brasi au aloi ya zinki. Msasa, au dawa ya kung'arishia yenye chenga, humaliza utando huo kabla haijamaliza kutu. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha kukuonyesha ulichoshika. Ikinata, ndani kuna chuma, na kutu ya juu huondoka taratibu kwa mafuta ya taa na kipande cha foili ya alumini kilichofinywa. Isiponata, na ukaona chunjua ndogondogo zilizovimba chini ya kromu, hiyo ni zinki iliyoliwa kwa ndani, na kuisugua kutaongeza mashimo tu. Kifaa cha namna hiyo kinunue kwa bei ya hali yake au kiache.

Sisi wa Dar es Salaam tuna adui wa ziada, nayo ni hewa ya chumvi. Niliwahi kuhifadhi nembo tatu za Peugeot ndani ya mfuko wa nailoni nikidhani ninazilinda, na baada ya masika moja nikazikuta zina madoa ya kijani, kwa maana mfuko ulifungia unyevu ndani. Siku hizi kila kifaa cha chuma hukipaka nta kidogo, nikakizungushia kitambaa cha pamba kikavu na kukiweka katika sanduku la mbao lenye matundu, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mipira na karatasi huziweka mbali na jua.

Kuhusu mahali pa kutafuta, anza kwa mafundi wazee wa Gerezani na wauza vipuri vya Shauri Moyo, kisha uzoeane na wanunuzi wa vyuma chakavu. Hawa wa mwisho hununua kwa kilo, na kwao taa ya mwaka 1962 ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, ina uzito uleule wa sufuria iliyotoboka. Usipofika mapema inakwenda kuyeyushwa. Inaniuma kila ninapofika nimechelewa. Lakini usinunue kila unacholetewa. Vioo vya pembeni na taa huibwa sana mjini, kwa hiyo kifaa kisicho na vumbi, ambacho muuzaji wake hataki kuandikiana, kiache kilipo. Vibao vya namba vya zamani, vile vinavyoanza na TZ, navyo vitazame kwa uangalifu. Uliza gari lake liko wapi kabla hujauliza bei.

Jiwekee mipaka mapema. Mimi nilichagua Land Rover na Peugeot 404, na hii ya pili niliichagua kwa sababu ya historia yake katika ardhi yetu. Mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. 404 ilishinda mwaka 1963, na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Anayekusanya vitu vya gari hilo huku akijua habari hizo hutambua upesi kipi cha kawaida na kipi cha kupigania. Mwingine anaweza kuchagua tiketi za mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, ambazo hazihitaji nafasi kubwa na bado hujitokeza ndani ya vitabu vya zamani.

Bandia zipo, hasa katika vibao vya vituo vya mafuta, kama kile cha Agip, kampuni ya mafuta ya Italia, chenye mbwa wa miguu sita anayetema moto. Enameli halisi ni unga wa kioo uliochomwa juu ya bati kwa joto la karibu nyuzi 800, rangi moja baada ya nyingine, kwa hiyo ukipitisha ukucha penye mpaka wa rangi mara nyingi utahisi kingazi kidogo. Kibao kilichopakwa rangi ya kawaida huwa laini mfululizo, na kutu yake mara nyingi imewekwa mahali ambapo maji yasingetuama.

Jambo la umeme nalipitia haraka, ingawa limeunguza redio nyingi nzuri: magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yaliunganisha ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na ya leo, na Volkswagen nyingi za kabla ya 1967 zilitumia volti 6 badala ya 12. Usijaribu saa wala redio ya zamani kwa betri ya gari lako kabla ya kujua imetoka wapi.

Na hilo la kujua kifaa kimetoka wapi linahitaji daftari. Andika siku hiyohiyo, mbele ya muuzaji, maana kesho utakuwa umechanganya majina ya magari na ya watu. Mzee aliyeniuzia spidomita ile aliipokea shikamoo yangu, akasubiri nichukue kalamu, kisha akasema, "Mwanangu, gari hili lilikuwa la bwana shamba wa Kilosa, na mimi ndiye niliyelifungua injini mara mbili." Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Chini yake, kwa wino tofauti, nimeandika kwamba tarakimu tatu za mwanzo zilifutwa na mimi kwa spiriti, na kwamba sikuzipaka upya.