Mwanangu, kuhusu ile nyumba ya Kiponda

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Umesimama mbele ya mlango wa babu yako pale Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, nasikia vespa zikipita nyuma yako, nawe unaniuliza: "Mama, nyumba yetu hii. Mbona hukuidai? Na mimi nikiidai, utakuwa radhi?" Nilitaka kukupigia simu pale pale, nikajua nitalia, na nikilia hutanielewa. Bora nikuandikie.

Kwanza nikueleze tulivyotoka, maana nimekulea hapa Maskati nikikuhadithia karafuu na urojo, na mengine nikiyaruka.

Nilikuwa na miaka minane. Usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964, tulisikia risasi upande wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani iingie, na mama alikuwa keshanunua tende. Asubuhi redio ikatoa sauti tusiyoijua, ya John Okello, aliyeongoza Mapinduzi, ikitoa amri. Uhuru tulikuwa tumeupata mwezi mmoja tu nyuma, 10 Desemba, na kibendera cha karatasi nilichopewa skuli kilikuwa bado kimebandikwa ukutani. Baba alikibandua, akakitia motoni bila kuniangalia.

Siku tisa hatukufungua mlango wa mbele. Maji tulichota kisima cha uani. Chakula alituletea mwanamke wa Ng'ambo aliyekuwa akimfulia mama nguo: aliingia kwa mlango wa nyuma, kikapu cha muhogo chini ya kanga. Wangemkamata, angeuawa yeye. Hatukupata kumuaga, na hadi leo namwombea.

Mjomba wangu, aliyekuwa na shamba Bumbwini, hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Hili nakwambia waziwazi: watu waliuawa kwa sababu ya asili yao, watoto wakiwemo, na asije mtu akakwambia lilikuwa jambo dogo.

Babu yako alikuwa karani bandarini. Naye alichukuliwa. Idi ilipita hayupo. Aliporejea amekonda, hakusema alikuwa wapi, alimwambia mama maneno mawili tu: "Tunangojea kusi." Majahazi ya Bara Arabu huja Unguja na upepo wa kaskazi, na hayageuzi mpaka upepo ugeuke kuwa kusi. Basi sisi tukakaa tunatazama matanga bandarini na matawi ya minazi, kila siku tunajiuliza upepo unatoka wapi. Mwezi huo wa Machi Mzee Karume, rais mpya, akatangaza ardhi yote ni mali ya serikali. Nyumba nazo zikafuata. Tulipopanda jahazi, mama alibeba Msahafu, nguo, na mbuzi ya kukunia nazi. Ndiyo ile iliyoko jikoni kwangu, ambayo kila Ramadhani unaniambia niitupe ninunue mashine.

Tulishuka Dubai. Oman, nchi ya asili yetu, wakati ule ikiwa chini ya Sultan Said bin Taimur, haikuwa na haja na watu kama sisi. Miaka sita tuliishi kwenye kibanda cha makuti, Kiarabu changu cha kuungaunga, watoto wenzangu wakinicheka. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos akashika nchi, akawaita walioko nje warudi. Nchi nzima ilikuwa na skuli 3. Babu yako, aliyejua Kiingereza na hesabu za forodha, hakukaa sana bila kazi. Kwa hiyo tulifika mahali palipotupa pasi, mshahara, kisha wewe. Wengi waliotoka hawakujaliwa hivyo.

Sasa nyumba.

Mwaka 1993 nilirudi kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na miaka tisa, nikakudanganya kuwa nakwenda arusini Mombasa. Nilibisha hodi pale pale uliposimama wewe. Alifungua bibi mmoja, akanitazama uso, akasema, "Wewe mtu wa hapa." Hakuuliza. Akanipisha. Ukumbi ulikuwa umekatwakatwa kwa mbao, wanaishi aila nne. Mumewe, alinieleza, alikuwa hamali bandarini. Bandari ile ile ya babu yako! Kabla ya Mapinduzi walikuwa na chumba kimoja cha udongo Ng'ambo, na mvua ikinyesha husukuma kitanda kutoka pembe hii kwenda ile. Wanawe sita amewazalia katika chumba nilichozaliwa mimi. "Sisi tulipewa, mwanangu," aliniambia, "hatukuuliza ya nani." Kisha akanipikia chai ya mchaichai.

Nilikuwa na jambo jingine kifuani, alilonihadithia bibi yangu. Nyumba ile aliijenga baba yake, kabla ya 1897, mwaka utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja. Yale mawe ya matumbawe yalibebwa vichwani na watu aliokuwa akiwamiliki. Majina yao hayamo kwenye hati yoyote. Nimekaa juu ya mkeka wa yule bibi, kikombe mkononi, nikajiuliza: nikifungua kesi, nitaanzia hati ya mwaka gani?

Usinisikie vibaya. Sisemi tulistahili. Baba yangu aliishi kwa mshahara, mjomba wangu hakumdhuru mtu. Hapa Maskati nimekaa na watu wanaohadithia Unguja ya zamani kana kwamba kila mtu alikuwa ameshiba. Na huko nimekutana na wanaosema sote tulikuwa mabwana wa watumwa. Wote hao siwezi kukaa nao muda mrefu.

Najua kilichokuamsha. Umeona nyumba ya jirani imegeuzwa hoteli, na tangu Mji Mkongwe uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 wageni hawakatiki. Huyo wakili wako atakutajia bei. Muulize na hili: aila zile nne zitakwenda wapi? Radhi yangu unayo ukitaka kuhamia Unguja, kuoa huko, kufanya kazi huko, kuzikwa huko. Ya kuwatoa watu wale sina, mwanangu, na nimeitafuta.

Yule bibi amefariki. Binti yake yupo, tunapeana salamu kila Idi. Dari ya juu inavuja, boriti za mikoko zimeanza kuoza, na fundi mmoja aliwapigia saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, ukafungia unyevu ndani. Tangu sehemu ya Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa la kifalme la zamani, iporomoke, Desemba 2020, silali vizuri nikisikia masika yameanza huko. Nimekuwa nikimpelekea pesa za chokaa. Hilo nalo nilikuficha.

Kesho usisimame nje. Piga hodi, sema wewe ni mwanangu, watakujua. Ukishakunywa chai, omba uingie uani. Mwaka ule kisima walikuwa wamekifunika bati na kupanga masufuria juu yake, nikaona haya kuwasumbua. Nitazamie wewe. Niambie kama bado kina maji.

Mama yako