Maswali ya Wasomaji: Mapambo ya Mkono na Mteja Asiyeweza Kuyagusa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaotunga shanga, kukunja waya na kuuza kazi ya mikono yao katika maduka madogo ya mtandaoni. Nimechagua nne ambazo, kila moja kwa njia yake, zinagusa shida ile ile: dukani mteja huishika hereni, huipima uzito kiganjani na kuivuta bangili aone kama itahimili, lakini mtandaoni hana ila picha na maneno ya muuzaji.

Swali: Ndugu Mshauri, ninauza hereni za waya na shanga. Wateja wawili wameniandikia kwamba masikio yaliwawasha na kuvimba baada ya kuzivaa siku moja tu, ilhali niliandika kwamba kulabu zake ni za fedha. Aliyeniuzia kulabu hizo kwa jumla alinihakikishia hivyo. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, anza kwa kuwarudishia wateja hao pesa zao leo hii, na uondoe dukani hereni zote zilizotengenezwa kwa kulabu za shehena hiyo, hata zile ambazo hakuna aliyezilalamikia. Dalili unazozieleza zinafanana sana na za mzio wa nikeli, madini ambayo jasho huyayeyusha kidogo kidogo kutoka kwenye pambo mpaka yakaingia kwenye ngozi. Mzio huu ukishampata mtu, kwa kawaida hukaa naye maisha yake yote, na tundu la sikio ni mojawapo ya mahali ambapo huanzia kwa wepesi. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kikali zaidi kwa kile kinachopita ndani ya tundu: pambo lisitoe nikeli inayofikia mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita mraba kwa wiki, wakati mapambo mengine yanayogusa ngozi kwa muda mrefu yamewekewa 0.5.

Nadhani kosa limeanzia kwenye neno lenyewe. Katika biashara ya vifaa vya mapambo, wauzaji husema “fedha” kwa kumaanisha vitu vilivyo mbalimbali kabisa. Kuna fedha ya 925, ambayo katika kila sehemu 1000 ina sehemu 925 za fedha na zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Kuna kulabu za shaba au chuma zilizopakwa fedha kwa tabaka jembamba ambalo huchakaa, na likishachakaa sikio hugusana na kilichokuwa chini yake. Kuna zile ambazo zina rangi ya fedha tu. Tena kuna kile kiitwacho fedha ya Kijerumani, ambacho hakina hata chembe ya fedha, kwa kuwa ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Sumaku itakusaidia kidogo tu. Kinachovutwa na sumaku si fedha ya 925, hilo ni hakika, lakini kisichovutwa si lazima kiwe fedha, kwa maana shaba na hiyo fedha ya Kijerumani nazo hazivutwi. Kipimo kinachofaa zaidi ni ile dawa ya kupimia nikeli inayouzwa katika vichupa vidogo: unatia matone kwenye pamba, unaisugua kulabu kwa muda mfupi, na pamba ikigeuka rangi ya waridi ujue nikeli inatoka. Pima kulabu kadhaa kutoka katika kila pakiti mpya, hata kama muuzaji ni yule yule.

Kwa wateja wenye masikio mepesi kudhurika, metali ziitwazo titani na niobi ni salama zaidi kuliko chuma cha pua, ambacho mara nyingi kina nikeli ndani yake ingawa huishikilia kwa nguvu na kutoa kidogo sana. Katika maelezo ya bidhaa andika jina kamili la kile ulichotumia: “kulabu za fedha ya 925” au “shaba iliyopakwa fedha.” Usiandike neno “fedha” peke yake. Ikiwa unakunja kulabu mwenyewe kwa waya wa milimita 0.8, lainisha ncha yake kwa tupa ndogo kisha ipitishe juu ya kitambaa laini cha nailoni. Ikikwaruza kitambaa, itakwaruza sikio.

Swali: Mimi ni mama ninayetunga bangili za mawe kwa uzi wa mpira nyakati za usiku, watoto wakishalala. Zinapendeza sana, lakini katika kila bangili 10 ninazotuma, moja au mbili hukatika ndani ya mwezi. Nimebadilisha uzi mara mbili bila mafanikio.

Jibu: Mama, kabla ya kuulaumu uzi tena, chukua shanga moja ya mawe na uitazame tundu lake kwenye mwanga mkali. Shanga nyingi za mawe hutobolewa kutoka pande mbili, na pale ambapo matundu mawili hukutana, au kwenye mdomo wa tundu, hubaki ukingo mkali kama wa kigae. Mpira unaovutwa juu ya ukingo huo kila mkono unapopita hukatika polepole, hata ungekuwa mpira bora kuliko yote. Ukingo huo unaweza kusuguliwa kwa tupa nyembamba ya mviringo yenye unga wa almasi, huku ushanga ukiwa umeloweshwa maji ili vumbi la mawe lisiruke ukalivuta puani. Ni kazi ya kuchosha, nakiri, na kwa shanga zilizo mbovu sana ni heri kuzikataa.

Jambo la pili ni fundo. Vuta uzi wako mara kadhaa kabla ya kutunga, kwa sababu mpira mpya hurefuka baada ya kuvaliwa na kuacha nafasi kati ya shanga. Ukimaliza kutunga, funga fundo la kwanza kwa kuzungusha ncha mara mbili badala ya mara moja, ulivute mpaka shanga zikaribiane bila kusongamana, kisha ufunge la pili vivyo hivyo kwa upande wa kinyume. Tia tone dogo la gundi inayobaki laini ikikauka. Gundi zile za kukauka papo hapo huufanya mpira uwe mgumu na kukatika kando ya fundo, na ninashuku, kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba hapo ndipo zako zinapokatikia. Iache ikauke usiku kucha, ndipo ulivute fundo liingie ndani ya ushanga wenye tundu pana.

Kwa bangili za mawe mazito ningekushauri uachane na mpira kabisa, utumie waya wa kutungia wenye nyuzi nyingi ndani yake pamoja na kifungio. Waya wenye nyuzi 49 hujipinda kwa ulaini kuliko wenye nyuzi 7, na haukatiki upesi. Kipete cha kuungia kifungio usikifungue kwa kutanua ncha zake kulia na kushoto, kwa sababu hakitarudi kuwa duara. Kishike kwa koleo mbili, ncha moja uisukume mbele na nyingine uirudishe nyuma, kisha ukifunge kwa mwendo huo huo. Pitisha uzi mwembamba kwenye kiungo: ukipenya, bado kuna upenyo.

Swali: Picha zangu zinaonyesha shanga za buluu kama zambarau, na wateja wanasema wamepokea rangi tofauti. Je, ninunue kamera?

Jibu: Hapana, simu inatosha. Zima taa zote za chumba, upige karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kwa maana mwanga wa taa ukichanganyika na wa mchana ndio unaoivuruga rangi. Weka karatasi nyeupe upande wa pili ili iangaze vivuli, na usitumie rangi za kupamba za programu za simu. Ongeza picha moja ya pambo likiwa limevaliwa, kwa sababu namba za milimita pekee hazimwonyeshi mtu ukubwa, na hereni iliyopigwa kwa karibu huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Swali: Ninauza vizuri, lakini pesa haionekani. Bei yangu ni gharama ya vifaa mara mbili.

Jibu: Bei hiyo haijali muda wako. Ushanga wa bei rahisi uliosukwa kwa sindano kwa muda wa saa nne hauwezi kuuzwa chini ya jiwe la bei lililoning’inizwa kwa dakika kumi. Tengeneza jozi 10 mfululizo huku ukitazama saa. Zikichukua saa 3 na nusu, kila jozi imekula dakika 21, na bado hujapiga picha, hujajibu ujumbe wala hujafunga kifurushi. Ongeza dakika hizo, uzilipe kwa kiwango ambacho ungemlipa mtu mwingine akufanyie, kisha uongeze vifaa pamoja na shanga zilizovunjika.

Ada ya jukwaa la kuuzia huwa inakatwa kwenye bei ya mwisho, na hapa wengi huteleza. Ikiwa unahitaji kubaki na 90 na ada ni asilimia 10, ukiongeza asilimia 10 juu ya 90 utauza kwa 99 na kubaki na 89.10. Gawanya 90 kwa 0.9, uuze kwa 100. Tofauti ni ndogo kwa jozi moja, lakini kwako wewe unayeuza vizuri inajirudia katika kila kifurushi.