Transfoma ya 200 kVA inasoma ampea 340 jioni: itaungua kweli?

Mkuu, umesema transfoma ya mtaani kwenu ni ya 200 kVA (kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), jioni fezi nyekundu, moja ya njia zake tatu za umeme, inasoma ampea 340, njano 210, bluu 190, na fundi kawaambia mwisho wake ni 289, kwa hiyo wiki haiishi itakuwa imeungua. Nimeshinda na hizi transfoma miaka kumi na kitu, kwanza Dar, sasa Mafinga. Fundi wenu hajadanganya, ila kibao cha vipimo kilichobandikwa kwenye transfoma kakisoma nusu.

Hiyo 289 ni ya mzigo usiopumzika usiku na mchana, hewa ikiwa na wastani wa nyuzi 20 kwa mwaka. Kinachoimaliza transfoma ni joto la pale penye moto zaidi ndani ya koili, karatasi iliyozungushiwa waya inapokaangika. Kwa karatasi ya kawaida, kipimo cha kuchakaa kwa kasi ya kawaida ni nyuzi 98. Kila zikiongezeka 6, inachakaa kwa kasi mara mbili. Zikipungua 6, nusu.

Koili inapata moto ndani ya dakika chache. Mafuta ndiyo mavivu: huchukua kama saa 3 kufika theluthi mbili ya safari yake ya kupanda. Kwenu mzigo mkubwa ni saa 1 hadi saa 4 usiku, basi mafuta hayajafika kileleni watu wameshazima taa. Nimepiga hesabu ya kukadiria, mchana nusu mzigo, jioni fezi zote 340 (yaani nimekuonea, maana zako mbili ziko chini). Mafinga mwezi wa saba, hewa nyuzi 12, koili inafika kama 99. Dar Februari, hewa 27, inafika kama 114. Hiyo ya Dar inakula uhai wa karatasi zaidi ya mara 6 ya kasi ya kawaida, lakini kwa muda mfupi. Balaa ni AC, maana zenyewe hazilali, na transfoma hailali.

Wenzetu wenye vifaa wanaweka vipima joto, uwezo wa transfoma unahesabiwa upya kila saa. Kwenye nyaya za juu wanapima hadi upepo unaozipooza. Sisi tuna mita ya klampu (inabana waya na kusoma ampea) na daftari, na bado inasaidia.

Ila hesabu isikulevye. Kuna moja ya 315 kVA iliniumbua Dar. Ilikuwa inabeba ampea 400, uwezo wake ni 455, nikawaambia watu walale. Wiki mbili baadaye naitwa: nati ya fezi nyekundu ililegea, lagi (kichwa cha kebo kinachofungwa kwa nati) imekuwa rangi ya kahawa, mpira wa bushingi (kihami pale umeme unapotokea kwenye tangi) umelainika kama lami, mafuta yanadondoka tone tone mpaka kwenye banda la muuza chipsi. Koili zilikuwa nzima kabisa!

Kwa hiyo kwako ningeanza na mgawanyo. Ukijumlisha fezi zako ukagawa kwa 3 unapata kama 247, chini ya kibao. Nyumba kadhaa zihamishwe kutoka nyekundu kwenda bluu, na lagi zikazwe umeme ukiwa umezimwa. Hiyo ni kazi ya watu wa shirika la umeme, msipande wenyewe. Nyinyi wapelekeeni vipimo vya saa 1, saa 3 na saa 5 usiku, siku tatu mfululizo, kila fezi peke yake.